Mnataka kumkarabatia nyumba jirani anayetumia wilichea? Someni hii kabla hamjakoroga zege

Wakuu habari zenu. Mimi ni fundi muashi, niko Tanga, na tuna kikundi chetu kidogo: waashi wawili, seremala, fundi bomba, fundi umeme na jamaa mmoja wa kuchomelea. Jumapili tukipata nafasi tunaenda kukarabati nyumba ya mtu mwenye ulemavu hapa mtaani au mtaa wa jirani, bure, msosi tu. Mara nyingi ni mtu aliyeanguka mnazi, au bodaboda imemvunja, au mzee kapata kiharusi, au mtoto aliyekuwa anabebwa mgongoni sasa ana miaka 12 na mgongo wa mama umechoka. Wazee wetu huku walikuwa na msaragambo, mtaa mzima unatoka na majembe, kwahiyo sio kitu kigeni. Tofauti ni kwamba hapa ukikosea kipimo hujamsaidia mtu, umemfungia ndani kwa zege.

Nasema hivyo maana yametukuta. Rampu yetu ya kwanza kabisa (ile njia ya mteremko ya kupandia badala ya ngazi) tulimjengea dada mmoja, kibarazani kwake kulikuwa na ngazi tatu, jumla sentimita 45 kutoka chini, sisi tukaona mita mbili zinatosha maana tulitaka ibaki nafasi ya kuanikia nguo. Tukamwaga, tukapiga niru, ule uji wa saruji wa kulainisha juu, ikang'aa kama sahani. Siku ya kuijaribu vijana wanne wakamsukuma mpaka juu, vigelegele, kila mtu kafurahi. Baada ya wiki akataka kupanda mwenyewe, matairi ya mbele yakanyanyuka, angeanguka kisogo kama mdogo wake asingekuwa nyuma yake. Na mvua ilivyopiga ile niru ikawa inateleza kama mlenda. Tulirudi na nyundo zetu tukaivunja wenyewe, saruji ya watu imekwenda na aibu juu.

Kwanza kaa naye

Kabla futi haijatoka mfukoni kaa na mwenyewe. Sio dakika kumi za salamu, kaa toka asubuhi mpaka mchana, angalia anavyotoka kitandani, anafikaje chooni, nani anambeba, ni wapi anakwama anasubiri mtu. Na muulize yeye, usimuulize kaka yake. Hapa familia nyingi zinakosea na sisi mafundi tunafuata mkumbo, tunaongea juu ya kichwa chake "sasa huyu atapitia wapi" wakati mwenyewe kakaa pale na mdomo anao. Kuna mzee tulimfuata na mpango wetu kamili wa kuvunja ngazi za mbele, tulipomuuliza akasema jamani huko mbele sina shida nako, wajukuu wananitoa kwenda msikitini, shida yangu ni usiku, choo kipo uani na sitaki kila saa nimwamshe bibi yenu. Mpango wote ukageuka na hatukugusa mbele hata tofali moja.

Ukishamsikiliza ndio upime, na unaanza kumpima yeye na kiti chake, ukuta baadaye. Pima upana wa wilichea kutoka nje ya ringi mpaka nje ya ringi ya pili halafu ongeza nafasi ya vidole vyake vikisukuma, maana mlango ukipita kiti na vidole vikachunika hujafanya kitu. Pima urefu mpaka ncha za miguu yake. Pima kimo cha kiti kutoka sakafuni, hiki utakihitaji chooni na kitandani. Mwambie anyooshe mkono, unafika wapi juu, unafika wapi chini. Muulize mkono upi una nguvu, hili usilisahau, nitakuja kulieleza. Na muulize kama wilichea anaitumia ndani kweli, kwa sababu wengi huku wilichea ni ya nje, ndani wanatambaa au wanajikokota kwa kushika ukuta. Mtu anayetambaa hana shida kubwa na upana wa mlango, shida yake ni sakafu yenye kokoto zilizochomoza, kingo kali za taili na misumari. Kama aliumia uti wa mgongo na miguu haina hisia ndio uwe makini zaidi, atajichana na hatojua, na kidonda kwa mtu kama huyo kinaweza kumlaza miezi.

Ukipata mtu wa fizio (mazoezi ya viungo) au wa tiba kazi (wanaomfundisha mtu kufanya shughuli zake za kila siku) aje naye siku hiyo ya kwanza, shukuru Mungu. Hospitali za rufaa huwa wanao, CCBRT kule Dar na KCMC Moshi ndio wazoefu zaidi. Fizio mmoja alitufundisha swali ambalo sisi hatukuwa tunauliza: hali yake inaenda wapi, itabaki hivi au itazidi? Kama leo anatembea na magongo lakini ugonjwa unaendelea, jengeni kabisa kwa kipimo cha wilichea.

Rampu

Hesabu ni nyepesi, sentimita moja ya kupanda inataka sentimita 12 za kwenda mbele. Ngazi yenye kimo cha sentimita 15 inataka rampu ya mita 1.8. Sentimita 30 ni mita 3.6. Yule dada wetu wa sentimita 45 alitakiwa apate mita 5.4 na sisi tukampa mbili, unaona wenyewe. Kimo usikikadirie kwa macho, na usipime pale pale kwenye kona ya ngazi maana uwanja una mteremko wake, chukua mpira wa maji au vuta uzi ukiwa na pima maji, kile kifaa cha kuonyesha usawa, mpaka pale rampu itakapoishia halafu pima kushuka chini.

Upana usipungue mita moja, mita 1.2 ndio raha. Juu mbele ya mlango acha sehemu bapa ya mita 1.5 kwa 1.5 ili afungue mlango bila kurudi kinyumenyume, na kama rampu inakata kona basi pale kwenye kona napo iwe bapa kipimo hicho hicho. Ikizidi mita 9 weka mapumziko katikati. Pembeni pandisha kingo ya sentimita 10 hivi, tairi lisichomoke, na kama imenyanyuka sana weka na mkono wa bomba kwenye sentimita 90.

Nyumba zetu za Kiswahili zina mtego wake. Kuna ngazi ya barazani mbele, halafu ukipita ule ukumbi wa katikati kuna kushuka tena kwenda uani ambako ndio kuna choo na jiko. Kwahiyo ni rampu mbili, na hela mara nyingi ni ya moja. Sisi huwa tunaanza na ya uani isipokuwa mwenyewe aseme vingine, mtu anaenda chooni kila siku, barabarani haendi kila siku. Na huo ukumbi muombe mama mwenye nyumba auangalie, mapipa, baiskeli, magunia ya mkaa, ukishayatoa unakuta ulikuwa mpana siku zote.

Na kama uwanja ni mdogo mita 5 hazipo? Usikimbilie kubana mteremko. Angalia kama kuna mlango mwingine ambao uko chini zaidi. Angalia kama unaweza kuikata rampu ikatembea pembeni ya ukuta. Na kuna ujanja mmoja ambao umetusaidia zaidi ya mara moja, nyanyua uwanja wenyewe: mwaga kifusi na moramu kidogo kidogo kuanzia getini, shindilia, mpaka uwanja unaufuata mlango taratibu na rampu inabaki kipande kifupi. Kifusi mtaani kinapatikana bure, mtu akibomoa choo anatafuta pa kukitupa. Ila angalia maji ya mvua yatakwenda wapi, usije ukampelekea jirani ugomvi.

Kujenga sasa. Rampu ya kimo cha sentimita 30, urefu 3.6 na upana 1.2, jenga kuta mbili za pembeni kwa tofali, katikati jaza mawe na kifusi ushindilie mpaka kigumu, juu mwaga zege la sentimita 10, mfuko mmoja kwa mchanga mbili kokoto nne. Zege peke yake linakula mifuko mitatu ya kilo 50, na tofali na lipu nyingine miwili, sita tukiwa nayo tunalala usingizi. Pale chini inapoanzia chimba sentimita 15 zege liingie ardhini, ukiliacha linaishia jembamba kama chapati litavunjika mwezi wa kwanza na utakuwa umemjengea ngazi upya. Juu USIPIGE NIRU. Usiweke taili. Chukua ufagio wa chelewa, zege likianza kukaza buruta kwa kukatisha, mistari iende kushoto kulia, basi. Kisha mwagilia asubuhi na jioni siku 7, funika na magunia, na hizo siku 7 hakuna mtu kupita, hapa ndio mtagombana na watoto. Masika msimwage kabisa kama mnaweza kusubiri.

Mlango

Mlango usiupime fremu, pima nafasi inayobaki ubao ukiwa umefunguliwa. Fremu ya 90 inakupa 80 na kitu, hiyo inatosha kiti kingi. Milango ya choo huku ni ya 70 au 75, hiyo haitoshi, itang'olewa. Kabla hamjavunja ukuta jaribuni ya bei rahisi: ondoa ubao uweke pazia, au hamisha bawaba ubao ufungukie nje, unaweza ukapata sentimita unazozitaka bila kugusa tofali. Mlango wa choo kufungukia nje ni muhimu hata kama nafasi ipo, mtu akianguka ndani na mlango unafungukia ndani, mwili wake ndio unaozuia msimfikie.

Halafu kuna grili. Kila nyumba ina mlango wa grili na chini una lile bomba la kukatisha, sentimita tatu nne, wewe unaliruka wala hulioni, kwa wilichea lile ni ukuta. Jamaa yetu wa kuchomelea analikata lile la chini, anaongeza la kukaza juu kidogo ya usawa wa goti kwenye mlango wenyewe, nusu saa tu kazi imekwisha. Komeo nalo lishushwe, sentimita 90 mpaka mita 1, maana mengine yako juu mpaka mtu asimame.

Choo

Hapa ndio kazi yenyewe ilipo na hapa ndio msiharakishe. Na kabla ya nyundo ya kwanza jibuni swali moja: leo usiku atajisaidia wapi? Tulishawahi kuvunja choo Jumapili tukitegemea kumaliza jioni, fundi bomba akapata msiba, choo kikakaa wazi mpaka Alhamisi. Ile nyumba nilikuwa naona haya kupita. Siku hizi tunabeba kiti cha mbao kilichotobolewa katikati na ndoo ya mfuniko, kinakaa chumbani kwake mpaka choo kipya kiwe kimekauka na maji yanapita.

Choo cha kuchuchumaa kikiwa juu ya ile ngazi yake, mara nyingi kuvunja na kuweka cha kukaa ndio suluhisho, ila kama hela hakuna, kiti imara cha kutoboa kilichofungwa sakafuni juu ya tundu kinafanya kazi vizuri na kinaoshwa kwa ndoo. Ukiweka cha kukaa, juu yake palingane na kimo cha wilichea ulichokipima, kwa kawaida 45 mpaka 50, vyoo vingi vya dukani viko chini ya hapo kwahiyo unamwaga kitako cha zege chini yake. Upande mmoja wa choo acha sentimita 90 wazi ili wilichea isogee ubavuni na mtu ahame kwa kujisukuma. Na bomba la kushikia likae upande upi? Upande wa mkono wenye nguvu, na ndio lile nililosema usilisahau. Kuna mama aliyepata kiharusi, upande wa kushoto umelala, sisi tukafunga bomba la kushikia kushoto kwa sababu ukuta ulikuwa kushoto. Mama wa watu akatuangalia akasema, wanangu, hili mmenifungia la kuanikia kanga?

Mabomba ya kushikia yanataka maneno zaidi. Bomba la chuma la GI la inchi moja linashikika vizuri kiganjani, la inchi mbili vidole havizunguki. Liache sentimita 5 kutoka ukutani, kimo cha 70 mpaka 80. Shida ni tofali zetu, bloku nyingine mfuko mmoja umetoa tofali hamsini na ushee, ukitoboa na drili unatoka unga, boliti inaingia leo na kesho mtu akijining'iniza inatoka nayo. Kwahiyo usiamini ukuta, chimba tundu ukubwa wa nusu tofali, weka kipande cha nondo, jaza zege, ndani ya zege hilo ndio ufunge boliti au uzike mguu wa bomba moja kwa moja. Au achana na ukuta kabisa, simamisha bomba kutoka sakafuni na miguu yake izikwe kwenye zege. Halafu kabla hujalikabidhi jining'inize wewe mwenyewe na mwenzako, kilo 80 na 80, kama linacheza anza upya. Pale ulipochomelea piga rangi ya kuzuia kutu, pwani huku chumvi haina huruma na chuma.

Sakafu ya bafuni iteremke kwenda kwenye tundu sentimita moja na nusu kwa mita, ukizidisha kiti kinajiendea chenyewe. Taili ziwe zile za mkwaruzo, zile za kung'aa mtu akikuchangia mwambie asante tutazipandisha ukutani. Jenga kabaraza kadogo kwa tofali cha kuwekea ndoo, kimo kama cha kiti, maana kuinama kuchota maji chini ndio wengi wanapoangukia. Koki ya duara badilisha uweke ya mkono mrefu, hata kiganja kisichokunja kinaifungua kwa kuisukuma.

Mambo mengine haraka haraka. Swichi zishuke mpaka mita 1, soketi zipande mpaka sentimita 45 au zaidi, na hii kazi afanye fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, wale wadhibiti wa nishati na maji, kujitolea sio ruhusa ya kubahatisha. Jikoni kama anapika amekaa, jenga meza ya kimo cha 75 mpaka 80 na chini iwe wazi magoti yaingie. Kwa asiyeona kazi ni tofauti kabisa, hana haja na rampu ndefu, anataka vitu visihame mahali pake, kona za meza zisiwe kali, madirisha yasifungukie nje kwenye njia anayopita, na ule mtaro wazi wa uani ufunikwe leo hii. Kama anaona kidogo tu, paka rangi ya kung'aa kwenye ukingo wa kila ngazi.

Watu na hela

Nyumba ikiwa ya kupanga, hata msikoroge kabla ya kuonana na mwenye nyumba. Tulikarabati chumba na choo, kikatoka kizuri, miezi minne mbele mwenye nyumba akapandisha kodi kwa sababu "choo sasa cha kisasa". Toka siku ile tunaandikiana: ameruhusu, hatapandisha kodi kwa muda fulani tunaokubaliana, na mkataba ukiisha mabomba ni ya mpangaji. Mjumbe au mwenyekiti wa mtaa anasaini kama shahidi. Ipo Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010, lakini mwenye nyumba wa uswahilini ukimwanzia na sheria anafunga mlango, mwanzie na chai.

Hela isikae kwa fundi. Nalisema nikiwa fundi. Ikae kwa mtu mmoja wa familia au mama anayeaminika mtaani, na ikiwezekana watu wachangie vitu badala ya pesa, huyu mifuko miwili, huyu mchanga, huyu kaleta nondo zilizobaki kwake. Risiti zote zipigwe picha zitupwe kwenye grupu la watsapu. Saruji ya kuchangiwa ibonyeze kabla hujashukuru, tumeshaletewa mifuko iliyoganda kama jiwe. Na msosi uingie kwenye bajeti toka mwanzo, usiiachie familia, nimeona nyumba imekopa mchele kulisha mafundi waliokuja kusaidia.

Mkijitolea wengi siku moja ni vurugu, vijana ishirini na chepe mbili. Siku ya kuvunja na kumwaga zege ndio muite umati, siku za taili, bomba na umeme wawepo wawili watatu wanaojua. Na kila jioni kabla hamjaondoka fagieni, waya usining'inie, njia ya kutoka chumbani iwe wazi, kumbuka mtu analala humo humo.

Picha: muulize. Kama hataki usipige, hata kama mchangiaji mkubwa anataka kuonekana anakabidhi. Kama anataka, apigwe akiwa amevaa anavyotaka, sio siku ya kwanza akiwa sakafuni.

Siku ya kukabidhi hakuna spika wala mgeni rasmi, kazi ni moja: mwenyewe aanze kitandani, aende chooni, ahame, arudi, atoke mpaka barabarani, bila mtu kumshika, nyinyi mkae pembeni na kalamu mkiandika anapokwama. Siku zote kuna kitu. Kizingiti cha sentimita mbili, kitasa kigumu, taa iko upande wa pili. Usiondoke na vifaa vyako kabla ya hiyo safari.

Halafu mrudi baada ya mwezi, kukaza boliti na kuona rampu inavyotumika, kwa sababu rampu mtaani ina wapenzi wengi. Tumekuta imeanikwa dagaa. Tumekuta watoto wanateleza na madumu. Kwa yule dada wa rampu ya kwanza, hii ya pili ya mita 5.4 tulikuta bodaboda mbili zimepaki juu yake kukwepa tope. Tukamwambia tutakuja kusimika nguzo pale chini, akasema hapana, nguzo itamzuia na yeye, ameshapanga bei mwenyewe: ukipaki hapo soda moja baridi, na siku hiyo alikuwa ameshakunywa mbili.